Jina Lililokaribia Kuwa la Babu

Mjomba alikuwa anasoma orodha.

Kila hitima ya ukoo wetu pale Mtama, mkoani Lindi, orodha ni ileile, imeandikwa kwa biki kwenye kauntabuku lililochakaa pembeni. Majina ya marehemu yanafuatana, la huyu, la yule, watoto waliokufa wachanga nao wamo. Alipofika katikati alishusha miwani. "Na yule babu yetu wa vitani," alisema, "ambaye hatujui alipolala." Kisha akapandisha miwani na kuendelea na wengine.

Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto, kiasi kwamba yalishakuwa sehemu ya dua. Mara hii mpwa wangu wa kidato cha nne alinisogelea sikioni. "Mama mdogo, si mumtafute mtandaoni? Waliokufa vitani wana orodha yao."

Wana orodha yao.

Nilirudi Mtwara mjini na sentensi hiyo, na kwa wiki kadhaa haikuniacha nilale vizuri.

Tunachokijua, na ni kidogo

Marehemu ni baba yake bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa hajaanza kutembea baba yake alipochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hakurudi. Mama yake bibi alisubiri, akaolewa tena, na maisha yakaendelea.

Tuna jina lake na jina la baba yake. Tuna msimu: watu walikuwa wanachoma mashamba kusubiri mvua. Na tuna kauli moja ya bibi, ambayo nitaifikia baadaye kwa sababu ndiyo iliyonivurugia hesabu zote.

Mwaka hatuna. Wazee wetu wakisema "vita ya Mjerumani" unatakiwa uwe mwangalifu, maana wapo wanaomaanisha ya 1914 hadi 1918 na wapo wanaomaanisha Maji Maji. Njaa ya baada ya vita ilikuwepo zote mbili, na masimulizi ya njaa yanafanana mno. Kwetu, bahati nzuri, umri wa bibi unatuokoa. Ni vita ya 1914 hadi 1918.

Karatasi zenyewe

Orodha aliyoisema mpwa wangu ni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ilianzishwa kwa hati ya kifalme Mei 1917, mwaka uleule ambao huku Kusini watu walikuwa wanauana kutoka Lindi hadi mto Ruvuma. Mwanzilishi wake, Fabian Ware, alikwenda Ufaransa kuongoza magari ya Msalaba Mwekundu, akakuta wafu wanazikwa bila mtu wa kuandika nani yuko wapi. Akaanza kuandika. Kilichoanza na misalaba ya mbao pembeni mwa barabara kikawa ofisi, fomu na makabati.

Leo unafungua tovuti yao, unatafuta jina, na kama una bahati, chini ya jina hilo unakuta picha za karatasi za zamani. Kuna ripoti ya uandikishaji wa kaburi. Kuna hati ya kuhamisha mabaki, pale kaburi lilipofukuliwa na kupelekwa kwingine. Kuna orodha iliyotumwa kwa mafundi wa kuchonga mawe. Si kila jina lina zote tatu, na mengine hayana hata moja.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usiridhike na ukurasa ule safi wenye jina na tarehe. Fungua picha ya karatasi. Kwenye ukurasa safi kila kitu kimeshanyooshwa. Kwenye karatasi unaona namba imekatwa kwa wino na nyingine kuandikwa juu, unaona herufi iliyoongezwa baadaye, unaona karani aliyechoka. Nimeona tarehe iliyokatwa kisha ikarudishwa ileile. Mtu fulani alikuwa na shaka kabla yangu.

Safu zake ni namba ya askari au mpagazi, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, kitalu, mstari, kaburi. Kwa Mwingereza mara nyingi unakuta na nyongeza: mwana wa fulani na fulani, wa mtaa fulani, kwa sababu Tume ilizipelekea familia fomu za kujaza. Hiyo nyongeza ndiyo dhahabu ya mtafuta ukoo. Kwa wapagazi niliowapitia mimi, sikuiona.

Namba ipo. Ukoo haupo.

Kutafuta kwa majina yetu

Tovuti ile imejengwa kwa watu wenye jina la ukoo. Sisi tuna jina, bin, jina la baba. Kwa hiyo usihangaike na kisanduku cha jina la kwanza. Weka hilo jina kwenye kisanduku cha ukoo, kisha badilisha herufi: Hamisi, Hamis, Amisi, Khamis. Selemani ana sura nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja. R na L usizitenganishe hata kidogo, maana aliyetamka ni Mmwera na aliyeandika ni mgeni, na hapo kati herufi hizo mbili zilibadilishana nafasi wakati wowote zilipotaka.

Halafu kuna njia ya polepole, ambayo mimi naiamini zaidi. Acha jina kabisa. Chagua nchi, chagua vita, chagua kikosi (King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza la askari Waafrika, au vikosi vya wapagazi na vibarua wa jeshi), na usome orodha yote kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa. Ni kazi ya kuchosha. Inakupa kitu ambacho kisanduku cha kutafutia hakikupi, yaani unaanza kuzoea sikio la karani. Ukishaona alivyoandika majina hamsini unayoyajua, unaweza kukisia alivyoliandika lako.

Ndivyo nilivyompata.

Karibu mno

Mpagazi. Jina la kwanza lilelile. Jina la baba limeandikwa kwa herufi ambazo ukizitamka kwa sauti, kwa lafudhi ya kwetu, zinatoa jina letu au jirani yake wa karibu sana. Amekufa Februari 1918. Amezikwa Dar es Salaam.

Nilikaa nalo usiku kucha.

Kila kitu kilijipanga. Mapigano ya Mahiwa na Nyangao yalikuwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, na Oktoba ndiyo mwezi wa kuchoma mashamba. Kutoka Mtama hadi Nyangao si mbali, na jeshi lililokuwa linapita pale lilihitaji mabega kuliko lilivyohitaji bunduki. Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, kwa kula posho wasiyoizoea na kulala kwenye mvua. Lindi ni bandari, na mgonjwa aliweza kupakiwa melini kwenda hospitali ya Dar. Oktoba kuchukuliwa, Februari kufa. Hesabu inakubali.

Hata kaburi lilikuwa na hadithi yake. Mwaka 1968 makaburi 660 ya vita vile, yaliyokuwa eneo la Ocean Road, yalihamishwa kupisha ujenzi wa barabara mpya. Ndipo lilipoanzishwa eneo la sasa, lile la barabara ya Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaongezwa makaburi mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako utunzaji wake ulishakuwa mgumu. Makaburi ya Waafrika, Wakristo na Waislamu, hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja pale Ocean Road. Kwa hiyo walizikwa upya kwa pamoja, na ukuta wa kumbukumbu ukasimamishwa.

Hapa ndipo hati za kuhamisha mabaki zinapokuwa muhimu. Fomu ya kwanza inaweza kukutajia kitalu na mstari, ukafunga safari, ukafika, ukakuta lami. Lazima uende hadi karatasi ya mwisho.

Nilishaanza kupanga safari kichwani. Mjomba, mama mkubwa, gari la kukodi, yasini moja pale ukutani. Nilishaandika hadi ujumbe wa kuweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

Sikuutuma.

Alibeba kwa nani?

Nilimpigia mama mkubwa kwanza. Ndiye aliyelala chumba kimoja na bibi miaka yote ya mwisho, na anakumbuka maneno ya bibi kama yalivyotoka, bila kuyapamba.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umempata?"

Nikamwambia nimempata mtu. Nikamuuliza bibi alisema nini hasa kuhusu siku ile.

"Alisema mama yake alimwambia, watu wa boma walimchukua."

"Boma la nani?"

Akanyamaza kidogo. "Boma," alisema. "La nani tena? Boma."

Hii ndiyo ile kauli. Waingereza waliingia Lindi mjini Septemba 1916. Lakini Mtama si Lindi mjini. Agosti 1917 bado walikuwa wanapigana Narunyu, na bara ya huku ilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi vita vilipoisukuma. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, hakuvuka Ruvuma hadi tarehe 25 Novemba 1917. Kwa hiyo katika kiangazi kimoja, kijiji kimoja kiliweza kuchukuliwa watu na pande zote mbili, huyu leo, yule baada ya wiki tatu, na kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni wote ni watu wa boma wanaokuja na kamba.

Kama babu alichukuliwa mapema kiangazi kile, alibeba kwa Mjerumani. Na kama alibeba kwa Mjerumani, yule wa Dar si yeye. Upande ule hakuna orodha ya kutafuta. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi zilizokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu ya ndege Aprili 1945, na hata zingepona, sidhani kama mzigo uliobebwa kutoka Mtama ungekuwa umeandikwa pamoja na jina la aliyeubeba.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Lile jina la baba, lililokuwa limeshakuwa letu, nikalisoma tena kwa lafudhi ya Kiyao. Likawa jina jingine kabisa, na lenyewe ni jina zuri la kawaida, wenyewe wapo tele kuanzia Masasi hadi Tunduru.

Walioachwa kwa makusudi

Niseme na hili, kwa sababu wapo watakaofungua tovuti, wasione kitu, na kudhani mzee wao hakuwepo.

Tume ilikuwa na kanuni nzuri tangu mwanzo: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Ulaya ikafuatwa. Huku haikufuatwa. Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kukiri. Watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Hizo si karatasi zilizopotea tu. Yalikuwa maamuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Takwimu za Waafrika waliokufa hakupenda hata kuzitafakari.

Badala ya majina tukapewa sanamu, ile ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya majeshi, na kumwambia mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watakumbuka jina lake. Nimepita pale mara nyingi, nikiwa mwanafunzi, nikiwahi daladala, bila kusoma. Sasa nikiyasoma naona kazi ya kukumbuka jina tumeachiwa sisi, na wao wakabaki na shaba.

Sitaki kuwaonea. Watu wa Tume wa leo wanatafuta majina yaliyoachwa na kuyaingiza. Lakini mtafuta ukoo wa Lindi au Mtwara anatakiwa ajue anachokisoma. Kutokuwepo kwa jina kwenye rejista ile si ushahidi wa lolote. Na kuwepo kwa jina linalofanana ni ushahidi mdogo kuliko moyo unavyotaka.

Naliendele

Katikati ya haya ilifika tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mtwara tuna makaburi ya mashujaa pale Naliendele, ya askari wetu waliofia Msumbiji. Nilikwenda nikasimama nyuma. Viongozi waliweka mashada, tarumbeta ikapigwa, jua likawaka kama kawaida yake.

Nilichokuwa naangalia ni wanawake wawili waliokuja pembeni baada ya shughuli kuisha. Hawakutafuta. Walikwenda moja kwa moja, kama mtu anavyokwenda chumbani kwake gizani, na mmoja akaanza kung'oa majani.

Nilimwonea wivu, ndiyo. Wivu wa kaburi, sijui kama kuna kitu kama hicho.

Nilichomwambia mjomba

Nilikwenda Mtama na karatasi zilizochapwa, nikamweleza yote, upande wa kukubali na upande wa kukataa. Nilihofia mambo mawili. La kwanza, atasema ni yeye, kwa sababu ana miaka zaidi ya themanini na anataka kumaliza jambo hili kabla yeye mwenyewe hajaingia kwenye kauntabuku. Na kama angesema ni yeye, ningekuwa nani wa kumkatalia? La pili, atasema si yeye, na nitakuwa nimefungua kidonda bure.

Kuna watu watakaosema: mpe mzee jina, apumzike, unampunguzia nini? Nimelifikiria hilo kwa uzito. Nusu ya masimulizi ya ukoo wowote yamejengwa hivyo, kwa huruma. Tatizo ni wale watakaokuja baada yetu. Wataikuta karatasi ya Tume imebandikwa kwenye kauntabuku, yenye namba na muhuri, na hawatakuwa na sababu ya kuuliza tena. Simulizi la mdomo linajulikana kuwa ni simulizi. Karatasi inaaminiwa haraka mno.

Mjomba alizishika karatasi karibu na macho. Kimombo hasomi, lakini majina aliyasoma yote, yule wetu wa karibu na wengine waliokuwa juu na chini yake kwenye ukurasa uleule, taratibu, kwa sauti.

"Huyu," alisema, kidole kikiwa juu ya jina, "kwao wamemtafuta?"

Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Wiki zote zile nilikuwa nauliza kama ni wetu au si wetu. Kwamba kama si wetu basi ni wa watu, na watu hao wapo, huenda Masasi, huenda Nanyumbu, huenda kijiji cha tatu kutoka tulipokuwa tumekaa, hilo lilinipita.

"Sijui, mjomba."

"Basi tafuta."

Tukakubaliana mambo mawili. Babu yetu anabaki kama alivyo, hatujui alipolala, mpaka tupate jibu la boma lilikuwa la nani. Mama mkubwa anasema yupo mzee upande wa Nyangao ambaye mama yake alichukuliwa kaka zake wawili msimu huohuo, na nitakwenda kumsikiliza nikiwa na kinasa sauti. Na yule wa Dar tunamtafutia kwao.

Kwa hiyo hili ni ombi. Kama ukoo wenu, Lindi, Mtwara au Ruvuma, una mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo mwaka 1917 na hakurudi, niandikie. Jina la yule mtu, namba yake na herufi za karani sitaziweka hapa. Nimeshajionea jinsi jina linavyoweza kujipinda likafanana na lile unalolitaka, na sitaki limpate mwingine kabla hajasema la kwake. Nitajie kwanza wewe: jina la mzee na la baba yake, kijiji, kabila, msimu aliochukuliwa, na kama kuna anayekumbuka, alichukuliwa na nani. Halafu mimi ndio nitafungua karatasi.